Wapigaji Dansi na Njia Zao

Mji wa Morogoro, ulioegemea milima ya Uluguru kiasi cha kilometa 190 kutoka Dar es Salaam, umejaliwa fahari mbili katika historia ya muziki wa dansi, na umepatwa na msiba mmoja uliojirudia. Fahari ya kwanza ni Salum Abdallah, mwasisi na mwimbaji wa Cuban Marimba. Fahari ya pili ni Mbaraka Mwinshehe, mpiga gitaa la solo na mwimbaji aliyeifanya Morogoro Jazz ijulikane kila palipofika sauti ya redio. Na msiba ni kwamba wote wawili walifariki kwa ajali za gari, Salum mwaka 1965, na Mbaraka mwezi Januari 1979 akiwa ugenini Mombasa, wala hakuna hata mmoja kati yao aliyeufikia umri wa miaka 40.

Wako watu wanaoyataja mauti hayo mawili kuwa ni kadari, nami sina ubishi na kadari. Ila naona kuwa mtu akiyapima maisha ya wapigaji dansi wa zama zile, akayahesabu masafa waliyokwenda, na usiku waliokesha, na magari waliyoyapanda, atastaajabu kuwa njia haikuwachukua wengi zaidi. Maana njia ndiyo iliyokuwa kazi yao. Ukumbi ulikuwa mahali pa saa sita au saba tu, kuanzia giza lilipotanda mpaka karibu na liamba. Saa zilizosalia, siku baada ya siku, zilikuwa za barabara, na reli, na kivuko, na kituo cha forodha, na nyumba ya wageni yenye vitanda vichache kuliko watu. Magazeti na kanda za redio zimetuhifadhia majina ya waimbaji na nyimbo zao, na hilo ni jambo la kushukuriwa. Lakini njia zenyewe zimesahauliwa, ilhali ndizo zilizoamua bendi ipi ivume na ipi ife, na muziki upi ufike wapi, na kwa nini ufike mwezi huu wala si mwezi ule.

Kusafiri kwa ajili ya ngoma hakukuanza na gitaa. Mwishoni mwa karne ya 19 ilizuka katika pwani ya Kenya ngoma ya beni, iliyoiga tarumbeta na gwaride za majeshi, na vyama vyake vya Marini na Arinoti vikashindana kwa mavazi na madaha katika miji ya pwani yote. Kisha Vita Kuu ya Kwanza, iliyowakokota askari na wapagazi kutoka pwani hadi bara na kutoka bara hadi pwani, ikaisambaza beni mpaka Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini bila ya mtu yeyote kuipangia safari hiyo. Reli nayo ikaleta wepesi wake. Reli ya kati ilifika Kigoma mwaka 1914, kilometa 1,250 hivi kutoka Dar es Salaam, na tawi lake la kutoka Tabora likafika Mwanza mwaka 1928. Na katika mwaka huo huo wa 1928 Siti binti Saad na wapigaji wake walipanda meli Unguja kwenda Bombay, kutia sauti zao katika sahani za santuri. Safari hiyo mimi huihesabu kuwa mama wa safari zote nitakazozitaja hapa, kwa kuwa ndiyo iliyotoa ithibati kwamba kikundi kidogo cha watu wenye udi na fidla chaweza kuvuka bahari, kikarudi na jina kubwa kuliko lile kilichoondoka nalo.

Bendi za dansi zenyewe zilianza kuonekana mijini katika miaka ya 1930, Dar es Salaam Jazz ikiwa miongoni mwa zile za mwanzo, na Morogoro Jazz ikafuata mwaka 1944. Nyingi katika bendi hizo hazikuwa biashara bali vyama: wanachama walitoa ada, ada ikanunua vyombo, na vyombo vikawa mali ya wote. Dar es Salaam ilipojaa wageni kutoka kila upande wa nchi, vyama navyo vikafuata asili za watu, ikawapo Western Jazz ya watu wa magharibi, iliyoanzishwa mwaka 1959, na Kilwa Jazz, na Rufiji Jazz. Na bendi ya namna hiyo ilipofunga safari kwenda jimbo la wazee wake haikuwa mgeni huko, bali mtoto aliyerudi kwao na vitu vya mjini, ambaye wajomba na mashangazi hutoka nje kumtazama.

Muziki waliokuwa wakiupiga ulikuwa umesafiri kabla yao. Santuri za Cuba, zilizoanza kuuzwa Afrika katika miaka ya 1930 zikiwa na alama ya GV na namba zake, zilifika hata katika nyumba za Morogoro, na husimuliwa kuwa Salum Abdallah, aliyezaliwa huko mwaka 1928, alizipenda mno katika ujana wake hata akatoroka kwao akenda Mombasa kutafuta meli ya kumfikisha Cuba yenyewe. Meli hakuipata. Akarudi Morogoro, akakusanya wenzake, na kile alichokusudia kukifuata ng'ambo ya bahari akakitengeneza mwenyewe chini ya Uluguru, kwa Kiswahili, kwa namna ambayo hata leo mtu akiisikia sauti yake katika kanda kuukuu hawezi kuifananisha na sauti ya mwingine. Baada ya kufa kwake Cuban Marimba ilishikwa na Juma Kilaza, ikaendelea kusafiri.

Sasa nieleze jinsi safari zenyewe zilivyokuwa, kwa kuwa hapa ndipo penye kiini cha habari.

Bendi haikusafiri kwa kubahatisha. Ilisafiri kwa kalenda ya mazao, na kiongozi wa bendi aliyekuwa hodari ni yule aliyejua mambo ya wakulima sawasawa na afisa wa ushirika. Katikati ya mwaka, pamba ya Usukuma inapouzwa na vyama vya ushirika vinapolipa, njia ilikuwa ya Tabora, Shinyanga na Mwanza, mahali ambapo mkulima aliyengoja mwaka mzima alikuwa na fedha taslimu mfukoni na hamu ya kufurahi na jirani zake. Kahawa iliwaita Bukoba na Moshi. Korosho iliwaita kusini, Lindi na Mtwara, kuanzia mwezi wa Oktoba. Mkonge ulikuwa na tabia yake peke yake, kwa sababu haukuwa na msimu: mashamba ya Tanga, Korogwe, Kilosa na Kimamba yalilipa vibarua wake mwisho wa mwezi, kwa hiyo bendi za Tanga na za Morogoro zilikuwa na mavuno madogo kila baada ya wiki nne, bila ya kwenda mbali. Nathubutu kusema kuwa hiyo ni sababu mojawapo ya miji hiyo miwili kuzaa bendi nyingi na nzuri kupita ukubwa wake, Tanga ikiwa na Jamhuri Jazz na Atomic Jazz zilizotambiana usiku na mchana, na Morogoro ikiwa na hizo mbili nilizozitaja. Bei ya mkonge ilipoanguka duniani katika miaka ya 1960, kwa kuja kwa nyuzi za kiwandani, hasara yake haikuishia kwa wenye mashamba. Ilifika mpaka mlangoni mwa ukumbi wa dansi.

Kalenda hiyo ilikuwa na hatari yake. Bendi iliyotangulia ikafika kabla ya ushirika kulipa ilikuta watu wenye hamu na mifuko mitupu, nayo ililazimika kungoja huku ikila madeni, au kupiga kwa kiingilio kisichotosha hata mafuta ya kurudia. Bendi iliyochelewa ilikuta fedha imekwisha kuwa baiskeli, mablanketi, mabati na mahari. Baina ya mapema mno na kuchelewa mno palikuwa na wiki chache, na katika wiki hizo bendi zote za nchi zilitaka kuwa mahali pamoja. Hivyo ilitokea bendi mbili zikakutana katika mji mmoja mdogo usiku mmoja, na watu wa mji wakaamua kwa miguu yao ni ipi itakula kesho.

Na kabla ya kupiga, kulikuwa na kupakia, nako kulikuwa ni elimu. Masanduku makubwa ya spika, yaliyopigwa na maseremala wetu kwa mbao nzito, yalitangulia ndani ya lori, yakasimamishwa nyuma ya kichwa cha gari yakitazamana mdomo kwa mdomo, ili chochote kitakachoanguka njiani kisije kikatoboa karatasi za ndani. Vikuza sauti vya zamani vilikuwa na vali za kioo mfano wa taa, na korongo moja tu la barabarani lilitosha kuziua zote. Kwa hiyo vilifungwa katika mablanketi yale yale ambayo wapigaji wangejifunika usiku, na mtu aliyelala na baridi alijua kuwa blanketi lake liko katika kazi iliyo muhimu kuliko yeye. Ngoma ndogo ziliingia ndani ya kubwa. Tumba zilisimama pembeni, ngozi juu. Saksafoni na magitaa hayakupakiwa kabisa: kila mwenye chake alikipakata, saa kumi na mbili au saa ishirini, kama mama anavyompakata mtoto mwenye homa. Kisha wapigaji wenyewe wakapanda juu ya vyote hivyo, wakajishikilia kwenye kamba za turubai, na vumbi jekundu la bara likawapaka rangi moja wote, mwimbaji na mbeba vyombo.

Walipofika, waimbaji waliweza kulala kidogo, lakini fundi mitambo hakuwa na ruhusa hiyo. Yeye aliteremka na kuanza kupima, kuunga waya zilizokatika, kukausha kilicholoa, na kutafuta mahali pa kuiweka jenereta katika mji usio na umeme, mbali kiasi cha kutosikika na karibu kiasi cha waya kufika. Usiku kucha sikio lake lilikuwa nje ya ukumbi, likiisikiliza mashine, maana taa za ukumbini zilipoanza kufifia, mpiga solo naye alijua kuwa sauti ya gitaa lake inafifia pamoja nazo. Dereva alikuwa chini ya gari. Mtu mwingine alizungushwa mitaani na honi ya kipaza sauti, akiwatangazia watu kwamba wale waliowasikia redioni wamefika kwa miguu yao. Mlangoni aliketi mwanachama mwaminifu pamoja na mtu wa mwenye ukumbi, kila mmoja akimlinda mwenzake, na alfajiri fedha zilimwagwa mezani: kwanza pango la ukumbi, kisha mafuta, kisha nyumba ya wageni na chakula, na kilichobaki, kama kilibaki, ndicho kilichoitwa mapato. Majina ya wale waimbaji twayajua. Ya mafundi na madereva hayakuandikwa, na hilo huniuma kila nisikiapo nyimbo za wakati ule, kwa sababu hakuna wimbo hata mmoja katika hizo uliofika Sumbawanga au Songea pasipo mikono yao.

Njia ya kusini ilistahiki ukurasa wake. Mwenye kwenda Lindi na Mtwara kwa barabara alikutana na Mto Rufiji, akavuka kwa kivuko cha Ndundu, na wakati wa masika mto ukifurika na udongo ukilainika, magari yalikaa ukingoni siku kwa siku yakingoja. Hali hiyo ilidumu mpaka Daraja la Mkapa, lenye urefu wa karibu kilometa moja, lilipofunguliwa mwaka 2003. Si ajabu basi kuwa barua isiyojibiwa, kwaheri ya muda mrefu, na mpenzi aliyeachwa mbali ni mambo yanayorudi tena na tena katika nyimbo za dansi. Watungaji hawakulazimika kuyabuni. Wake zao walikuwa nyumbani, miezi miwili na mitatu, wakisikia habari za waume zao kwa redio kama watu wengine wote.

Ilikuwapo pia njia ya aina nyingine, nayo ni ya kwenda kutia sauti. Tanganyika, na baadaye Tanzania, haikuwa na kiwanda cha kuchapa santuri; redio ya Dar es Salaam ilizirekodi bendi na kuzipiga hewani mchana na usiku, lakini mtu aliyetaka sahani ya kununuliwa dukani sharti aende Kenya, ama Mombasa, ambako duka la Assanand lilikuwa na chapa yake ya Mzuri iliyozitoa nyimbo za Salum Abdallah, ama Nairobi, ambako kulikuwa na makampuni makubwa. Bendi ilikwenda huko na nyimbo zilizokwisha kujaribiwa mbele ya watu katika ziara nzima, na nyimbo zisizochezwa na watu zilikwisha kuachwa Dodoma au Tabora. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo siri ya ukamilifu wa kazi za zama zile, zilizotiwa sauti kwa siku chache tu, wapigaji wote wakiwa chumba kimoja: hazikuwa zimetungwa studioni, zilikuwa zimetembea kwanza. Malipo, hata hivyo, aghalabu yalikuwa ya mkupuo mmoja, na wimbo ukaendelea kusafiri na kuchuma pasipo mwenyewe.

Mwaka 1964 kulitokea badiliko kubwa. Chama cha wafanyakazi, NUTA, kilianzisha bendi yake, NUTA Jazz, na kuwalipa wapigaji mshahara wa kila mwezi kama makarani. Mfano huo ulifuatwa na polisi, na majeshi, na umoja wa vijana, na baadaye na mashirika ya umma, hata shirika la bima na shirika la usafiri la Dar es Salaam yakawa na bendi. Mpigaji mwenye mshahara hakuogopa tena usiku wa mvua usio na watu mlangoni, gari alipewa, na vyombo alipewa. Gharama aliyoilipa ni kuwa njia haikuwa tena hiari yake. Alikwenda alikotumwa, kwenye sherehe za taifa, mikutano na kampeni, na vyombo, ambavyo zamani vilikuwa mali ya chama chake, sasa vilikuwa mali ya mwajiri. Mpigaji aliyehama alihama na vidole vyake tu.

Morogoro Jazz haikuwa ya shirika, na bado ndiyo iliyokwenda mbali kuliko nyingi. Mwaka 1970 iliiwakilisha Tanzania katika Maonyesho ya Dunia ya Osaka, Japani, na vijana waliozoea vumbi la Kilosa na Dodoma wakapiga dansi mbele ya watu waliotoka pembe zote za dunia. Tafakari ukubwa wa safari hiyo kwa Mbaraka, aliyezaliwa mwaka 1944, akiwa na umri wa miaka 26. Miaka mitatu baadaye alijitenga akaunda bendi yake, Super Volcano, na kuanzia hapo maisha yake yakawa ya njia zaidi kuliko mwanzo, Tanzania leo na Kenya kesho, mpaka Mombasa ilipomkatia safari.

Kaskazini ya Morogoro, ndugu wawili wa Tanga, Wilson na George Peter Kinyonga, walikuwa wamechagua njia isiyorudi. Walipigia Jamhuri Jazz katika miaka ya 1960, wakahamia Arusha, na mwaka 1971 wakavuka mpaka wakaingia Kenya, ambako bendi yao ikajulikana kwa jina la Simba Wanyika. Kiswahili chao cha Tanga, laini na cha taratibu, kiliwapendeza Wakenya mno, na Les Wanyika, iliyozaliwa mwaka 1978 kwa wapigaji kujitenga nao, ikakizidisha. Hao waliondoka kama bendi iendayo ziarani, wakawa wakazi. Kisha, Februari 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikiwa inavunjika, Tanzania iliufunga mpaka wake na Kenya, nao ulikaa umefungwa mpaka mwishoni mwa 1983. Katika historia za siasa jambo hilo huelezwa kwa ndege, reli na madeni. Kwa wapigaji lilikuwa na maana moja nyepesi kufahamika, kwamba njia ya kwenda studioni imekatika. Nyimbo nyingi za Tanzania za miaka ile zipo katika kanda za redio tu, hazikupata santuri, na waliokuwa ng'ambo ya mpaka walisikiwa nyumbani kwao kwa mawimbi ya redio pasipo kuonekana.

Upande wa magharibi njia ilikuwa ikileta watu badala ya kuwachukua. Bendi za Kongo zilikuwa zikisogea mashariki mwendo wa kinyonga, mji kwa mji, zikipiga miezi kadhaa hapa na mwaka pale. Maquis du Zaire ilitoka Katanga, ikapitia Uganda, ikatua Dar es Salaam mwanzoni mwa miaka ya 1970, isiondoke tena. Super Mazembe ilipitia Zambia, na kufika Nairobi mwaka 1974. Baba Gaston alitoka Lubumbashi, akapita Dar es Salaam, akafika Nairobi mwaka 1975, na mwaka uliofuata sehemu kubwa ya wapigaji wake wakamwacha, wakaunda Les Mangelepa. Remmy Ongala, mzaliwa wa Kindu, alizunguka Kongo na Uganda na bendi mbalimbali kabla ya kuitwa na mjomba wake katika Orchestra Makassy, Dar es Salaam, mwaka 1978. Akajifunza Kiswahili cha mitaa ya jiji, na mitaa hiyo ikamwita Dokta. Kwa watu hawa ziara haikuwa na tarehe ya kurejea. Nchi iliyowapa ukumbi ndiyo waliyoifanya kuwa maskani.

Vita vya Kagera vya 1978 na 1979, pamoja na kupanda kwa bei ya mafuta duniani, vilifanya barabara iwe ghali kuliko muziki. Magari ya watu binafsi yalikatazwa kutembea siku ya Jumapili kuanzia saa nane mchana, na bendi iliyokesha ikipiga usiku wa Jumamosi katika mji wa mbali ilikuwa na asubuhi moja tu ya kufika nyumbani, macho ya dereva yakiwa mekundu, la sivyo ilipe nyumba ya wageni usiku mwingine. Nyuzi za magitaa zilikuwa adimu madukani, hata husimuliwa kuwa waya za breki za baiskeli zilitengenezwa zikawa nyuzi. Wapigaji waliuweka muziki wao hai katika hali hiyo, tena baadhi ya nyimbo bora kabisa za dansi ni za miaka hiyo hiyo. Nasema haya kwa heshima kubwa.

Uhaba uliwafunga mijini. Ukumbi wa Dar es Salaam, wenye wateja wake wa kila wiki, ulikuwa na faida kuliko ziara ya Mwanza, na kusafiri kwa mikoa kukageuka kuwa kuhama kutoka bendi hadi bendi. Mwaka 1978 shirika la usafiri na teksi la Tanzania liliunda Mlimani Park, ikawachukua vigogo wa bendi nyingine. Mwaka 1985 Orchestra Safari Sound, bendi ya tajiri binafsi aliyekuwa na vyombo vipya, iliwachukua vigogo wa Mlimani. Mwenye vyombo ndiye aliyekuwa na bendi. Katika hao waliohama mara zote mbili yumo Muhiddin Maalim Gurumo, aliyeingia NUTA Jazz katika mwaka wake wa kwanza, 1964, akaenda Mlimani, akaenda Safari Sound, kisha akarudi kwenye bendi yake ya mwanzo, ambayo kwa kufuata majina ya chama cha wafanyakazi ilikwisha kuitwa JUWATA, na OTTU, na hatimaye Msondo Ngoma, bila ya mwajiri.

Mzee Gurumo alitangaza kustaafu mwaka 2013, baada ya miaka kama 50 ya kuimba, akiwa ameifikia karibu kila pembe ya nchi hii kwa lori, kwa basi na kwa treni, na alipoulizwa na waandishi alichovuna, akasema hana hata baiskeli. Maneno hayo yalimfikia Diamond Platnumz, mwimbaji kijana wa muziki wa kizazi kipya, naye akamkabidhi mzee gari mbele ya hadhara hapo Dar es Salaam. Gurumo alifariki Aprili 2014.